Daftari la Tarehe

Vijana wanaotoka kuapishwa uwakili huja kuniuliza mambo mawili: waanze na mtaji kiasi gani, na wateja watawapata wapi. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza ataandika wapi tarehe zake. Wala siwalaumu. Mwaka 1994, nilipopanga chumba kimoja mjini Mwanza juu ya duka la vitambaa, nilinunua meza, taipureta iliyokwisha kutumika, kabati la chuma na viti viwili vya wateja. Shajara ya ofisi sikununua. Karani wangu alikuwa na kidaftari cha mfukoni, na hicho ndicho kilichokuwa kumbukumbu yetu.

Karani mwenyewe alikuwa hodari. Alijua milango yote ya masjala, na jalada lililosemekana limepotea yeye alilipata kabla ya saa nne. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kosa langu, si lake.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 1996 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya shamba la mzee mmoja wa Ukerewe. Tulishindwa. Mzee akasema pale pale barazani kuwa anataka twende Mahakama ya Rufani. Kwa kanuni za wakati ule, taarifa ya kusudio la kukata rufaa ilipaswa kuwasilishwa ndani ya siku 14. Kanuni za mwaka 2009 ndizo zilizokuja kuzifanya 30. Ni karatasi moja tu, haichukui nusu saa kuiandika. Nikamwambia karani aandike tarehe 24, nikaendelea na mengine.

Jumanne ya tarehe 21 MV Bukoba ikazama ikiwa njiani kutoka Bukoba kuja Mwanza. Watu walikufa kwa mamia. Aliyekuwa mjini siku zile hahitaji kusimuliwa, na asiyekuwepo sitaweza kumsimulia akaelewa. Karani wangu alikuwa na mdogo wake ndani ya meli ile. Alitoka ofisini mbio, akaacha koti lake kitini, kidaftari kikiwa mfukoni mwa suruali. Alirudi kazini Jumatatu ya tarehe 3 Juni, amekonda, akakaa, akafungua kidaftari, kisha akanitazama bila kusema neno.

Ndugu msomaji, ukichelewa unaweza kuiomba mahakama ikuongezee muda, lakini sharti uwe na sababu ya kutosha na ueleze kila siku iliyopita. Uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliwi kuwa sababu. Nikakaa mbele ya taipureta kuandika hati yangu ya kiapo.

"Bosi, andika msiba," karani akaniambia. "Na mimi nitaapa."

Alikuwa tayari kunikopesha maiti wake. Na msiba ulikuwa wa kweli, hakuna ambaye angeuhoji. Lakini aliyefiwa ni yeye, si mimi. Mimi nilikuwepo ofisini siku nyingi kati ya zile, kalamu ninayo, na tarehe ya mteja wangu sikuwa nimeiandika mahali popote. Nikaandika yote mawili, msiba na kukosa kwangu shajara. Maombi yakakataliwa. Hadi leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kuitakasa dhamiri yangu kwa shamba la mtu mwingine.

Mzee nilikuwa nimekwisha kumweleza mapema. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, tarehe yangu ilikuwa mfukoni mwa mtu?" Nilimrudishia ada yake yote. Akaihesabu noti kwa noti, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kuwahi meli ya Nansio. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wiki ile ile nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Tangu hapo kila tarehe huandikwa mara tatu: katika daftari hilo linalokaa mezani na haliendi nyumbani na mtu, katika shajara yangu, na kwa wino mwekundu juu ya jalada la kesi lenyewe. Tena haiandikwi siku ya mwisho peke yake. Huandikwa pia siku ya saba kabla yake, na hiyo ndiyo tunayoihesabu kuwa ya mwisho. Kila Ijumaa saa tisa tunafunga mlango na kusomeana wiki tatu zijazo kwa sauti. Siku hizi nyaraka zinawasilishwa kwa mtandao na simu inaweza kunikumbusha, nami naitumia, ila daftari sijaliacha.

Mengine nayasema kwa ufupi. Makubaliano ya ada yaandikwe kwa Kiswahili na kutiwa saini kabla hujafungua jalada. Fedha ya mteja ikae katika akaunti yake mbali na ya ofisi, na usiiguse hata kwa siku mbili. Kodi ya pango ina tabia ya kudaiwa wakati fedha ya mtu mwingine imetulia benki. Hati halisi ya mteja ichukuliwe kwa kitabu na irudishwe kwa kitabu. Na mteja aliyepiga simu ajibiwe siku hiyo hiyo, hata kama huna jipya la kumwambia.

Karani amekwisha kustaafu, lakini Ijumaa nyingine hupita kutusalimu, akavuta kiti, akasikiliza tunavyosoma. Ijumaa iliyopita yeye ndiye aliyegundua kuwa tumeweka kesi mbili saa tatu asubuhi, siku moja, mahakama mbili.