Fremu Kwanza, Injini Baadaye

Mtawanya, Mtwara

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anakusalimu sana na anauliza lini utakuja. Hilo utamjibu mwenyewe. Mimi nakujibu lile ulilouliza, kama baiskeli ya marehemu babu yako inafaa kufungwa injini ndogo. Sikutaka kukujibu kwa kukisia. Nimezunguka, nimeuliza, nimekagua kwa mikono yangu.

Nimefika wakati mikorosho inatoa maua. Tangu alfajiri mashine za kupulizia salfa zinanguruma mashambani, kwa sababu ugonjwa wa ubwiriunga haumsubiri mtu. Injini za mashine hizo ni ndogo, za kuchanganya petroli na oili, ndugu moja na hizo unazotaka kununua. Ndiyo maana mafundi wa huku hawaiogopi injini yako. Kinachowatia shaka ni chuma kitakachoibeba.

Fundi mmoja, kijana wa makamo anayefanya kazi chini ya mwembe, aliniambia, “Mzee, usimuulize mtu fremu yake ni ya kampuni gani. Muulize ilikuwa inabeba nini.” Neno hilo nimelichukua, na kila nilipokwenda nimeona lina ukweli.

Chukua Phoenix ya Kichina ya mabomba mawili ya juu, au zile Swala zilizotengenezwa na NABICO Dar es Salaam. Ni chuma, na mabomba yake yameunganishwa kwa vifundo vya chuma vilivyojazwa shaba. Fremu ya namna hiyo hubeba gunia la korosho na mtu juu yake miaka mingi. Lakini mzigo wa gunia unakandamiza tu. Injini inatetemesha, maelfu ya mara kila dakika, na mtetemo unakula chuma kama unavyokata waya kwa kuukunja huku na huku. Chuma kikichoka, mara nyingi hukupa dalili: rangi inapasuka, mstari mwembamba wa kutu unajitokeza kwenye kiungo. Aluminiamu haina huruma hiyo. Inaweza kukatika ghafla, na ukiichomelea, sehemu ya jirani na mchomeleo inabaki dhaifu. Kwa kazi yako, zile baiskeli nyepesi za aluminiamu ziache.

Kisha nikateremka Msimbati, upande wa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma. Njia ni mchanga. Hapo utawaona wachuuzi wakipakia samaki kwenye karia, ndoo zikivuja maji ya chumvi njia nzima. Maji yale yanaingia kwenye bomba la siti, yanashuka hadi kwenye ekseli ya pedeli na kutulia hapo. Kwa nje fremu inang'aa, imepakwa rangi mpya. Kwa ndani imeliwa. Na hapo hapo, juu kidogo ya ekseli ya pedeli, ndipo injini inapokaa, imeshikwa na bomba la siti na bomba la chini linalopanda kwenye shingo.

Kwa hiyo ukaguzi uanze chini. Ing'oe siti na chuma chake, mulika tochi ndani ya bomba. Igeuze baiskeli, kwangua uchafu chini ya ekseli ya pedeli, choma kwa ncha ya bisibisi. Gonga bomba kwa spana ukipanda taratibu. Palipo pazima panalia, palipooza pana sauti butu. Halafu chukua uzi: funga kwenye ncha moja ya nyuma panapokaa gurudumu, uzungushe mbele ya shingo, urudishe ncha ya pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, fremu imepinda, na cheni ya injini haitakaa sawa hata ufanyeje. Mwisho ifungue foku uitoe kabisa, utazame shina lake pale linapoingia shingoni. Watu wengi hawafiki hapo, na foku ikikatika mbele hakuna nafasi ya kujiokoa.

Mabomba ya Phoenix yana unene wa karibu milimita 28, na vishikio vingi vya injini hizi vinakaa kwenye bomba la kadiri hiyo. Ukinunua fremu ya mabomba manene, utaambiwa toboa tundu upitishe bolti. Usikubali. Tundu kwenye bomba la chini ndipo mpasuko unapozaliwa. Fremu ya kike isiyo na bomba la juu nayo usiiguse.

Hata Soichiro Honda alianza hivi hivi. Mwaka 1946, Japani ikiwa hoi baada ya vita, alichukua injini ndogo za mitambo ya redio ya jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Lakini injini yake ilipofika 98cc mwaka 1949, ile pikipiki yake ya Dream aliijengea fremu yake mahususi ya bati la chuma. Hizo zinazouzwa kwetu kwa jina la 80cc, nyingi ukizipima ni kama 66cc, na bado ni nyingi kwa baiskeli. Wewe nunua ya 48cc.

Breki zile za vyuma vinavyovutwa toka kwenye usukani hazitoshi. Mwendo ukiongezeka mara 3, kazi ya kusimama inaongezeka mara 9, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Mbele weka breki ya ngoma. Uliza pia trafiki na TRA kuhusu usajili kabla hujaingia barabarani, na uvae kofia ngumu.

Sasa ya babu yako. Nimeikuta imeegemea ukuta wa nyumba ya bibi. Uzi umekubali pande zote mbili, foku ni nzima. Lakini babu yako aliuza samaki miaka mingi, nawe unajua. Bisibisi imezama chini ya ekseli ya pedeli bila kulazimishwa. Kwa injini, haifai, na asije fundi akakuambia ataiziba kwa kuchomelea kwa umeme. Bomba jembamba namna ile litaungua tu.

Tafuta Phoenix ya mtu wa bara, iliyobeba magunia na wala si samaki. Kabla hujalipia injini, nitumie picha ya chini ya fremu, imekwanguliwa vizuri, niione.

Mjomba wako