Konokono wa Tangi la Samaki

Mwanangu akiomba ruhusa ya kwenda kuokota konokono bondeni ili awatie katika tangi letu la samaki, humkatalia, ingawa konokono hao hawagharimu hata senti. Majirani huona huo ni ukali. Lakini Bulinus wa madimbwi ya Pwani, na Biomphalaria wa kandokando ya Ziwa Viktoria, ndio konokono wanaoeneza kichocho. Aliyeambukizwa huweza kutoa vijidudu majini kwa majuma mengi, navyo hupenya ngozi ya mkono wa yule asafishaye tangi.

Hununua kwa mfugaji, tena wale waliozaliwa tangini humo humo, kwa kuwa vijidudu hivyo havirithiwi kupitia mayai. Hata hapo huchagua. Namtaka aliyeshikamana na kioo au anayetambaa. Akiwa ni wa jamii yenye kifuniko, nikimgusa sharti ajifunge. Gamba lisiwe na vishimo wala lisiwe limemomonyoka. Anayening'inia nje ya gamba, namwacha. Na pua nayo ina kazi yake: konokono mfu hunuka vibaya mno, na akiozea tangini huchafua maji hata samaki wakafa.