Barua kwa mpwa aliyekabidhiwa gari la wagonjwa

Nachingwea

Mpwa wangu,

Mama yako goti linamsumbua ila ulimi uko palepale. Ndiye aliyeniambia kwamba hapo Ruangwa umekabidhiwa timu ya dharura na gari la wagonjwa, na aliniambia kabla hujapata nafasi ya kunipigia mwenyewe. Hongera sana. Kwa sisi Wamwera mjomba hangoji kuombwa ushauri, kwa hiyo nivumilie.

Naanza na kiti. Mara ngapi umeona gari la wagonjwa linapita, mhudumu kakaa mbele na dereva, na nyuma yuko mgonjwa na ndugu yake aliyeshikilia chupa ya dripu? Sababu zake nazijua zote: nyuma kuna joto, vumbi linaingia, kona moja mbaya na kichefuchefu kinakupata hata wewe mwenye afya. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hatangoja mfike ndipo mtu agundue kwamba shuka limelowa. Wewe mkubwa wa timu, kaa nyuma. Usibandike tangazo ukutani, usiitishe kikao. Panda tu nyuma, kila safari inayokuangukia. Wadogo zako kazini watakushangaa, kisha wataona haya kukaa mbele.

Halafu kuna suala la nani anaamua. Uingereza na Afrika Kusini kazi hii ina watu wake waliosomea, wenye ngazi zao na baraza linalowasajili. Huku kwetu anayepanda ni yule aliyekutwa zamu: leo muuguzi, kesho afisa tabibu. Gari linaweza kuondoka na watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayepima presha. Basi kabla dereva hajawasha injini semeni kwa sauti: nani anaongoza, nani anashika njia ya hewa, nani anapiga simu, nani kaukagua mtungi wa oksijeni na kuona mshale wa kipimo umesimama wapi. Dereva naye awemo katika maongezi hayo. Yeye ndiye anayejua daraja gani limeliwa na maji, na akiogopa kukwambia kwa sababu wewe una cheo, mtalala porini na mgonjwa.

Sasa Nanganga. Ukitoka Ruangwa ukafika pale njia panda, kulia ni Ndanda na Masasi, kushoto ni Nyangao, Mtama na Lindi. Kwa karatasi mkoa wetu ni Lindi na hospitali yetu ya rufaa ni Sokoine. Hospitali ya Ndanda, ya Wabenediktini, iko mkoa wa Mtwara, na kwa wagonjwa wengi ndiyo iliyo karibu zaidi. Uamuzi wa kukata kulia au kushoto usifanyikie pale, gari likiwa limesimama, ndugu wanabishana na mtandao wa simu unakuja na kupotea. Ufanyike Ruangwa, na daktari, ukiwa umeshapiga simu kule mnakokwenda kuuliza kama damu ya kundi lile ipo na kama chumba cha upasuaji kina mtu. Barua ya rufaa nzuri kupita zote haiongezi damu kwenye jokofu la hospitali isiyokuwa nayo. (Zamani tulikuwa na reli hapa Nachingwea, iliyoletwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindwa na reli ikafungwa 1962. Tangu hapo kila kitu ni barabara, na mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilituonyesha barabara ni kitu gani.)

Namba 115 ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, imesaidia sana tangu Rais Samia auzindue kitaifa 2022. Simu ni ya bure, na mratibu ndiye anayetafuta usafiri, gari la hospitali au dereva wa jamii ambaye nauli yake inalipwa na mpango. Lakini madereva hawa wa jamii wasiwe wageni kwako. Wengine ndio watakaofika Mbekenyera au Namungo kabla yako. Waite siku moja, waonyeshe namna ya kumlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto na namna ya kumbeba aliyeanguka pikipiki bila kumkunja shingo. Fanya hivyo kabla ya minada ya korosho, maana fedha zikitoka, bodaboda zinavyokimbia unajua mwenyewe.

Kuhusu kusoma. Nilipoanza kazi, damu ya mzazi tuliikadiria kwa macho, na ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Walimwekea mzazi shuka la plastiki lenye vipimo linalokusanya damu, wakaanza matibabu yote kwa pamoja mara kipimo kinapofikiwa: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, traneksamiki, maji ya mshipani, na kutafuta damu inatoka wapi. Matukio ya kuvuja sana, au upasuaji na vifo kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60. Wenzako wodi ya wazazi huenda wanalijua hili. Je, aliyepanda gari analijua?

Yapo pia mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotoka 2018: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua mgonjwa nguo na kumkagua mwili mzima. Ukipata nafasi moja ya kwenda, nakusihi usijipeleke mwenyewe kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nimeona wakubwa waliokusanya vyeti vya semina na posho zake, huku vijana wanaopanda gari usiku hawajawahi kushika mashine ya kupumulisha. Mpeleke kijana wa usiku, na akirudi awafundishe wote, wewe ukiwa umekaa kwenye benchi unaandika.

Kila safari ikiisha, kabla ya kuosha machela, kaeni dakika chache: nini kilichelewa, nini kilikosekana. Aanze kusema mdogo kuliko wote. Ukianza wewe, wengine watakubaliana nawe na utakuwa hujasikia kitu. Mgonjwa akifariki njiani, kaeni vilevile, ila siku hiyo usiulize maswali mengi, na kesho yake mtafute kila mmoja peke yake. Mimi miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu akimuuliza dereva amelala vipi.

Na wewe mwenyewe usizeekee hapo. Shahada ya uuguzi unaitaka tangu ukiwa Mtwara. Ombi la ruhusa ya masomo lipitishe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mapema, kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, na nakala uiweke kwako, maana barua hupotea. Ada tutaizungumza korosho zikiuzwa. Kabla ya hapo niandikie nani unamwachia hilo gari. Kama jina halikujii haraka, anza kumtafuta sasa.

Mama yako anasema uje na ndoo zake mbili.

Mjomba wako

Nachingwea