Kabla Uzeeshe Helmeti, Angalia Mkebe wa Maziwa

Wasee, helmeti ya Boba Fett ukiimwagia rangi nyeusi kila mahali haionekani imetoka vitani. Inakaa chafu tu, na kwangu huo ni uvivu.

Hebu angalia mikebe ya maziwa ikishushwa kwa pikipiki hapa Siongiroi asubuhi. Mishikio inang'aa kwa kushikwa. Kitako kimebonyea kwa kugongwa chini. Uchafu umeganda kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki. Kila alama ina sababu.

Ndiyo maana mimi hupaka rangi ya fedha kwanza, kijani juu yake, halafu msasa kwenye kingo pekee. Hata George Lucas alitaka vyombo vya Star Wars ya 1977 vionekane vimetumika.

Mamangu bado huuliza mbona nazeesha kitu kipya. Yeye mkebe wake ameusugua miaka kumi na tano akitaka ung'ae.