Sindano ya ganzi na uongo wa "haiumi"

Testi zimeisha juzi, kwa hiyo leo nina nafasi. Nataka niongelee sindano. Najua wengine mmeshakunja uso!

Kwetu bonde la Kilombero mtoto anaanza kuiogopa sindano hata kabla hajaugua. Akigoma kula anaambiwa, "Nitakupeleka Ifakara ukachomwe." Siku akiumwa kweli, mama yule yule anamwambia, "Haiumi, mwanangu." Sasa ashike lipi?

Likizo iliyopita nilimpeleka mdogo wangu wa miaka 9 kung'oa jino. Shavu limevimba, siku mbili hajalala, na tumetoka Lupiro alfajiri, tumevuka daraja. Kuona sindano tu, akataka kutimka. Nikawaza, akikimbia leo tunarudi nyumbani na usaha wake. Yule daktari wala hakumkamata. Akamwambia, "Mdogo wangu, itawaka kidogo, halafu patakufa ganzi. Ukitaka nisimame, nyoosha mkono." Akamwambia avute pumzi ndefu, aitoe pole pole. Huku dawa anaisukuma taratibu, mkono wa pili unamtikisa shavu. Dogo akakunja vidole vya miguu tu. Ganzi ikashika, jino likatoka!

Nilimuuliza daktari, akacheka, akasema siyo uganga. Dawa ya ganzi, lidokaini, ina asidi kidogo, ndiyo maana inawaka. Ikisukumwa haraka inatanua nyama na maumivu yanazidi. Ikiwa na joto la mwili inauma kidogo kuliko ikiwa ya baridi. Na kule kutikisa? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye njia ya neva kwenda ubongoni kuna kitu kama lango. Taarifa za kuguswa zikipita kwa wingi, za maumivu zinabanwa. Ndiyo maana ukigonga goti kwenye kitanda cha hosteli unalisugua bila kufundishwa na mtu.

Sasa walimu watarajiwa wenzangu, hili linatuhusu. Mwaka 2024 Tanzania ilipanua chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na wengi wanachanjiwa shuleni. Foleni tunapanga sisi. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2015 kwamba mtoto achomwe akiwa amekaa wima, anayenyonya anyonyeshwe wakati huo huo, na asidanganywe kwamba haiumi.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti ya wizara. Mtoto akidanganywa leo, kesho hatakuamini hata ukimfundisha hesabu. Mwambie ukweli, mpe pumzi ya kuvuta, msimulie kitu. Na jamani, tuache kuwatishia watoto sindano kama vile ni fimbo.

Haya, nakimbilia kipindi. Ninyi mnawaambiaje wadogo zenu? Karibuni kwa maoni.