Bei ya Kupunguza

Mwaka 1982 mtu aliyetoka Ulaya kwa pikipiki akielekea kusini mwa Afrika hakuweza kuteremka kwa raha kupitia Nairobi na Namanga. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa hiyo wale wachache waliovuka Sahara kwa njia ya Tamanrasset na Agadez, wakapenya Bangui na misitu ya Zaire, walituingilia kwa mlango wa uani: Burundi, Kigoma, halafu ile barabara ya Uvinza, Mpanda na Sumbawanga ambayo hata madereva wetu waliaga nyumbani kabla ya kuishika. Wenye busara walipanda meli ya Liemba pale Kigoma, wakashuka Kasanga na vumbi kidogo tu. Mjerumani ninayemsimulia hapa hakuwa na busara hiyo, na ndiyo sababu nikamjua.

Pikipiki yake iliingia Mbeya juu ya lori la mahindi, imelazwa kwenye magunia, mwenyewe kaikalia. Ilikuwa Yamaha XT500: silinda moja, cc 499, haina stata ya umeme, huwaka kwa teke tu, na teke lenyewe likikurudi unachechemea wiki nzima. Fremu ilikuwa imekatika kwa nyuma, chini ya siti, kushoto na kulia, mahali fulani karibu na Laela. Pale Tunduma, mpaka wa Zambia ukiwa unaonekana kwa macho, watu walimwambia kwamba kuchomelea hata wao wanaweza, lakini kama anataka chombo kifike aendako, basi apande na lori hadi kwa fundi wa Mwanjelwa. Fundi huyo alikuwa mjomba wangu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na likizo zangu ziliishia pale gereji nikimshikia spana.

Mjomba hakusomea ufundi popote. Aliupata barabarani, katika miaka ile baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilipokatiwa njia ya mafuta na malori yakaanza kuyasomba kwa mapipa kutoka Dar es Salaam. Lami haikuwepo. Masika magari yalizama, kiangazi yalipasuka. Wazungu wakaibatiza Njia ya Jehanamu. Mjomba, aliyekuwa utingo, aliita tu “kule”. Kule aliona chesisi nyingi zikikatika, akatia akilini zinakatikia wapi: si chini ya mzigo wenyewe, bali pale chuma kinachokataa kucheza kinapokutana na chuma kinachocheza. Sijui kama wahandisi wangelisema hivyo. Nimekuja kusoma vitabu vyao baadaye, na vinasema jambo hilo hilo kwa kurasa nyingi zaidi.

Nilitarajia aanze na ule mkato. Hakuutazama. Alimwagiza mgeni ashushe kila kitu, tukatandika turubai uani. Yakatoka masanduku mawili ya alumini, makubwa, yenye pembe kali na kufuli, yaliyoundwa kwao kwa gharama, dumu la chuma la lita 20, matairi mawili ya akiba, hema, jiko la petroli, spana za kutosha kufungua gereji nyingine, vitabu, na kopo la misumari ambayo hadi leo sijaelewa ilikuwa ya kazi gani. Mjomba akanituma kwa jirani muuza nafaka nikaazime mizani. Tukapima kitu kimoja kimoja, nikiandika ukutani kwa chaki. XT500 kavu ina uzito wa kama kilo 140. Mzigo, bila mtu, ulikaribia 90. Masanduku matupu, pamoja na vyuma vya kuyashikilia, yalikuwa zaidi ya kilo 20.

“Bwana,” mjomba akamwambia, “umebeba masanduku. Ndani ya masanduku umebeba vitu. Hebu tuanze na vitu.”

Mjerumani alikuwa na Kiswahili alichookota Bukavu na Uvira, chenye kueleweka mikono ikisaidia. Kilipokwama niliingia mimi na Kiingereza changu cha kidato cha pili. Hakufurahi. Alikuwa ametumia majira mazima ya baridi kuitengeneza pikipiki hiyo kwao, na kila alichokiongeza alikuwa na sababu yake. Akatoa gazeti lililochakaa, akatuonyesha picha ya mtu anayeruka tuta la mchanga. Yalikuwa mashindano ya Paris hadi Dakar, na pikipiki ile ilikuwa ndugu ya yake: Cyril Neveu alishinda kwa XT500 mashindano mawili ya mwanzo, 1979 na 1980. Kumbe chombo ni imara, alitaka kusema. Tatizo ni weldi tu.

Mjomba aliitazama picha kwa muda mrefu, maana alipenda sana picha za magari. Kisha akasema, “Huyu nyuma yake kuna gari la spea na mafundi. La kwako liko wapi?”

Halafu akachuchumaa, akachora mavumbini kwa bisibisi. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Likiwa jepesi, mchangani usukani unayumba. Dereva anaukaza, mikono inachoka, anaanguka. Na kila shimo likipigwa, mkia unanyanyuka na kushuka, unavuta fremu pale pale juu ya shokapu. Ungeweka fremu ya lori, ingekatika vilevile, ila ingechelewa. Mjerumani alinyamaza. Nadhani lililomshinda si mchoro, bali kumbukumbu ya jinsi alivyoanguka kutoka Mpanda hadi Sumbawanga.

Fremu ilikuwa imeshachomelewa mara moja, huko Zaire, na kazi haikuwa mbaya. Haikukatikia kwenye weldi. Ilikatikia kando yake, upana wa kidole, ambapo moto ulikuwa umelidhoofisha bomba. Ufa wa chuma huenda kama mpasuko wa kanga: usipouzuia mwisho wake, hata ukishona katikati unaendelea. Mjomba akatafuta nyufa nyingine kwa kupaka mafuta ya taa, kufuta, na kupakaza vumbi la chaki, mpaka mistari myeusi ikajichora yenyewe. Mwishoni mwa kila ufa akatoboa kijitundu. Kisha akakata vipande vya bomba kutoka fremu ya baiskeli kuukuu ya Phoenix, akavipiga tupa hadi vikaingia kwa kubanana ndani ya mabomba ya pikipiki, ndipo akaunganisha na kuchomelea kwa gesi, taratibu, akipumzika kila baada ya kipande kifupi ili joto lisikimbilie mbali. Juu akaongeza bamba la pembetatu, kingo zake akazipunguza unene kuelekea nchani, ili ugumu uishe polepole badala ya kukoma ghafla. Mtu mmoja alileta bomba la maji, akidhani anasaidia. Mjomba alimrudishia. Zinki iliyopakwa juu yake ikiungua, moshi wake unaleta homa usiku, na weldi haishiki vizuri.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuhamisha. Fundi viatu wa Sokomatola alishona mifuko miwili kutoka turubai kuukuu la lori, ikaning'inizwa mbele kadiri ilivyowezekana, ikigusana na mapaja ya dereva. Turubai likianguka linalala. Sanduku likianguka linapinda chuma kilicholishika, na likikunasa mguu linauvunja. Spana zilizochaguliwa, chini ya theluthi ya zile za mwanzo, zikafungiwa kwenye kasha la chuma mbele ya injini, chini kabisa. Chini ya injini yenyewe mjomba akafunga bamba la ubavu wa lori lililotobolewa matundu ya kutolea tope na kuingizia hewa, na kati ya bamba na fremu akaweka vipande vya tairi ili mawe yapigapo, mpira uumie kwanza. Lile dumu la lita 20, ambalo likijaa petroli linakaribia kilo 20 pamoja na bati lake, likabadilishwa kwa madumu mawili madogo, moja kila upande. Mwaka ule petroli ilikuwa ya foleni na ya kubahatisha, kwa hiyo kuacha akiba kabisa isingewezekana, hata mjomba alikubali. Alisisitiza tu kwamba dumu lijazwe pale njia inapolidai.

Kuna mambo madogo niliyoyapenda kuliko yote makubwa, na nimeyatumia kwa kila pikipiki niliyomiliki tangu hapo. Mikono ya breki na klachi usiikaze mpaka mwisho: chini yake zungusha utepe wa plastiki, kaza kiasi, ili ukianguka mkono uzunguke badala ya kuvunjika. Kebo ya akiba ya klachi usiiweke mfukoni. Ilaze kando ya ile inayofanya kazi, ifunge kwa waya, ikikatika ya kwanza unaunganisha ncha tu na kuondoka. Chujio la hewa mjomba alilikata kutoka sponji ya godoro, akalifua kwa mafuta ya taa, akalilowesha oili ya injini na kulikamua, halafu juu yake akavalisha soksi ndefu ya nailoni. Soksi hiyo ilikuwa ya mkaza mjomba, na mazungumzo yaliyofuata nyumbani jioni ile hayahusiani na pikipiki.

Ndani ya foku za mbele aliongeza vipande viwili vifupi vya bomba juu ya springi, na oili nzito zaidi, ili pua isizame kila breki ikishikwa. Na kabureta akaiweka sawa kwa hewa yetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni haba, petroli inazidi, plagi inatoka nyeusi tii. Akateremsha sindano kwa ngazi moja, akamwonyesha mgeni namna ya kufanya, akamfanyisha mwenyewe mara kadhaa huku sisi tumekaa tunakunywa chai. Akifika Chirundu, bonde la Zambezi, airudishe. Kule chini mchanganyiko mwembamba ungechemsha injini. Jambo hili mjomba alilirudia kwa kila sehemu: hakukubali kufunga kitu ambacho mwenye chombo hawezi kukifungua. Bolti tatu za saizi tofauti alizibadilisha zote kuwa saizi moja ili spana moja itoshe.

Nimewahi kusikia vijana wa siku hizi wakibishana kuhusu pikipiki za safari, nani ana tangi kubwa zaidi, nani ana taa ngapi. Sina ugomvi nao. Lakini ninapoona sanduku la alumini limefungwa nyuma kabisa ya mkia, mkono wangu hutafuta chaki.

Mjerumani aliondoka asubuhi ya baridi, wakati mlima Loleza bado umejifunika ukungu. Aliipiga teke, ikakohoa, akaipiga tena, ikashika. Alisimama kwenye vikanyagio akazunguka uwanja wa gereji mara mbili, kisha akarudi akasema kitu kwa Kijerumani ambacho hakuna aliyetutafsiria, akacheka. Alikuwa akienda Zambia na kisha Zimbabwe, ambayo ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipate uhuru. Hatukupata habari zake tena. Malipo yake yalikuwa shilingi kiasi, na vilivyobaki juu ya turubai: sehemu kubwa ya spana, tairi moja, misumari, na yale masanduku. Tairi halikuingia kwenye pikipiki yoyote ya mjini, tukalikata soli za makubazi. Masanduku waliyanunua wayeyusha alumini wa pale pale Mwanjelwa, na katika mwaka ule wa uhaba wa kila kitu, masufuria yaliyotoka humo yaligombewa kabla hayajapoa.

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa, wasafiri wa namna ile wakapita zaidi njia ya Arusha, nasi tukabaki na wateja wetu wa siku zote: mabwana mifugo, matabibu wa zahanati, makatekista, watu wanaopanda Chunya na kuteremka Usangu kwa Honda ndogo za cc 125 zilizobeba kuku, mtungi wa chanjo na shemeji. Ni hao waliofaidi. Mjomba aliwatengenezea mifuko ya turubai, bamba la chini, na mikono ya klachi inayozunguka. Ila akaanza na jambo jipya: akawa na bei mbili, ya kuongeza na ya kupunguza, na ya kupunguza ilikuwa juu zaidi.

Bwana mifugo mmoja aligoma. Alikuja na keria ya nondo nzito iliyorefushwa hadi nyuma ya taa, mjomba akaikata nusu, akaisogeza mbele, akataja bei.

“Fundi, unanitoza kwa kuniondolea chuma changu mwenyewe?”

“Kipo pale. Nikurudishie?”

Yule bwana alikiangalia kile kipande cha nondo, akaikalia pikipiki, akaitikisa kushoto na kulia. Kisha akaingiza mkono mfukoni.