Kicheko Kisichomvunjia Mtu Heshima

Wiki hii twawaandikia kutoka Machakos juu ya mtu ambaye hakuwa mwanachuoni wala kiongozi, bali mwigizaji: marehemu Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'.

Enzi zile nchi ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, Sauti ya Kenya, kilichogeuzwa jina mwaka 1989 kikawa KBC. Katika mchezo wa Vitimbi aliigiza mume mwenye makeke, na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, akaigiza mkewe asiyemkubalia kila neno. Wengi wakadhani ni mume na mke wa kweli, nao hawakuwa.

Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miaka mingi alivaa jina na lafudhi ya Mjaluo. Huenda mtu angetazamia Wajaluo wachukizwe, ilhali alipendwa na makabila yote. Kwa rai yetu, sababu ni kuwa aliyechekwa alikuwa yeye mwenyewe, mzee na makeke yake, wala si kabila la mtu.

Hatusemi kila mchezo ni halali. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya asemaye uongo ili kuwachekesha watu. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, yakataza watu kuwadharau watu wengine, kisha ikawataja wanawake mbalimbali na wanaume.

Tuitazame aya hiyo ndani ya nyumba zetu. Twawajua mabinti wa Machakos walioolewa Pwani, ambao Kiswahili chao kina lafudhi ya Kikamba. Mmoja alitueleza kuwa mwaka wake wa kwanza alikaa kimya jikoni, kwa maana kila alipofungua kinywa, mawifi waliyarudia maneno yake kwa kuyaiga, wakacheka. Hakuna aliyemtukana. Lakini alipojifungua, hata mwanawe alikuwa akimwimbia kwa kunong'ona, asisikiwe.

Huko nako ni kuigiza, tena bila ya ridhaa ya anayeigizwa. Mawifi walidhani ni mzaha. Mwana wa watu alijiona mgeni katika nyumba yake.

Mzee Wanjau alipopungukiwa na macho uzeeni, wananchi walimchangia apate kutibiwa. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, nasi tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nchi nzima ilimlilia.

Basi, enyi mama wakwe na mawifi, bibi harusi wa bara akiingia nyumbani kwenu, mwacheni aseme. Akikosea, msahihisheni kwa upole, faraghani. Nanyi jifunzeni neno moja la kwao: akikuletea chai, mwambie "muvea", maana yake asante. Akicheka namna mlivyolitamka, chekeni pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.